Damu ya Lori na Damu ya Uzi

Kazi yangu ni kuwatoa watu damu, ndiyo maana hospitali nzima inaniita Mbu. Nimezoea. Na kama kuna mtu mwenye haki ya kusimulia habari za Lori, ni mimi niliyemchoma sindano mara tatu kwa kosa ambalo si lake.

Lori ni msichana wa chumba cha kufulia, miaka ishirini na sita, kilo tisini na nane. Jina hilo alijipa mwenyewe. Lifti yetu ilikufa zamani, kwa hiyo kila asubuhi hujitwika furushi la mashuka na kupanda ghorofa nne akipiga honi kwa mdomo: "Pii, pii! Jamani pisheni, sina breki!" Madaktari na digrii zao hujibanza ukutani kama mijusi. Wagonjwa huisubiri honi hiyo kuliko chai.

Ana pacha wake, tunamwita Uzi kwa wembamba. Uzi hukata tiketi kibandani stendi, amekaa kutwa nzima, soda mkononi, na bado sketi inamvuka. Mama yao alikatwa mguu kwa ugonjwa wa sukari, na tangu siku hiyo shangazi zao walishakata kauli: mrithi ni Lori. Husema hivyo wakiitazama sahani yake. Lori hucheka kuwashinda wote, lakini kwa miaka miwili akiuona mlango wa maabara aligeuza njia.

Mwaka huu uongozi ukaamuru wafanyakazi wote wa kike walio chini ya miaka thelathini wapimwe uzito na damu. Hapo hakuna pa kukimbilia. Alikuja asubuhi na mapema bila kula, ameshikwa mkono na Uzi, ambaye naye hakula ili asimtamanishe mwenzake. Kiti cha pili kilikuwa kitupu, nikamwambia Uzi naye akae.

"Mimi wa nini? Nimekuja kumshika mkono tu!"

"Kaa bwana, kupima ni bure."

Majibu yalipotoka nilicheka peke yangu. Nimechanganya vichupa! Mimi, mwenye miaka kumi na tisa kazini! Nikawaita tena, nikawadanganya kwamba damu imeganda. Majibu yakawa yaleyale. Nikawaita mara ya tatu, Lori Jumatatu, Uzi Jumatano, maana vichupa haviwezi kuchanganyika vikiwa na siku nzima katikati. Yaleyale! Vichupa nilikuwa nimeviandika sawasawa tangu siku ya kwanza. Kumbe mimi na wale shangazi tulisoma darasa moja.

"Haya, sema, Mbu," Lori akaniambia walipokuja wote wawili kuchukua majibu, midomo imemkauka. "Mrithi ni mimi?"

"Sukari yako iko sawa. Mafuta ya damu yako sawa. Uzito tutaendelea kuuangalia, lakini hizo ngazi zako zimekutendea mema."

Loh! Alininyanyua na koti langu jeupe, akatoka nami koridoni. "Pii, pii, piiii!" Muuguzi mmoja aliangusha trei. Nilikuwa nikipiga kelele huko juu kama mtoto, na sioni haya kusema kwamba nilifurahi.

Kisha akanirudisha maabara, akanishusha mbele ya pacha wake. "Na Uzi je?"

Uzi aliisukuma soda yake chini ya kiti.

"Sukari imepanda," nikasema, "na mafuta pia. Haujawa ugonjwa bado. Uko mlangoni, unabisha hodi. Tunaweza kuurudisha."

"Lakini mimi ni mwembamba," Uzi alisema kwa sauti ndogo, kama abiria mwenye tiketi aliyeambiwa gari limejaa.

Nilitegemea Lori atamlipizia, maana Uzi alimtania tangu utotoni. Hakumcheka. Alifuta macho kwa pindo la aproni, akamshika mkono.

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi, kabla hujafungua kibanda. Vaa raba. Nitakupa foronya, uanze na mzigo mwepesi."

Leo ni wiki ya tano. Kwanza hupita honi kubwa. Ukihesabu mpaka kumi, nyuma yake inakuja honi nyembamba, inahema, inazilaani ngazi na aliyezijenga. Nasi sote tunajibanza ukutani kuipisha.