Lipu ya Marudio

Mdogo wangu Ngusa ametengeneza nyumba za watu tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Hapa Kambarage bomba likivuja, kitasa kikigoma, bati likiezuliwa na upepo, utasikia tu: "Mwiteni Ngusa." Huenda na begi lake la nyundo, tindo na mwiko. Akirudi anakaa kwanza kizingitini kwangu, maana magoti hayamfikishi kwake kwa mwendo mmoja. Mimi ndiye dada yake niliyemlea, naweza kusema: hajawahi kuacha kazi ya mtu nusunusu. Ila nyumba yake mwenyewe.

Nyumba hiyo aliipiga lipu ujanani, aliporudi kutoka machimboni Rwamgasa. Dhahabu hakuja nayo. Alikuja na lori la marudio, ule mchanga unaobaki wachimbaji wakishasaga mawe na kukamata dhahabu kwa zebaki. Ulikuwa laini kama unga wa sembe, tena wa bure. Sote tulisifu. Ukipitisha kiganja ukutani hakikwaruzwi. Marehemu Mbuke, mkewe, alitembeza wageni vyumba vyote.

Mvua za kwanza tu, lipu ikavimba. Ukigonga inalia kama kibuyu kitupu, kesho yake iko sakafuni. Akaziba kwa mchanga uleule uliobaki nyuma ya nyumba. Mwaka uliofuata vilevile.

"Si ndiyo marudio?" nilikuwa namtania. "Utarudia mpaka uzeeke."

Naye amezeeka.

Mwaka huu binti yake Nelly alijifungua huko Geita, mtoto wa kwanza. Ngusa alitaka mjukuu aje akae naye, kwa sababu tangu Mbuke afariki, nyumba ile ina sauti ya redio tu. Nelly akapiga simu, na mimi nipo.

"Baba, kliniki wametuambia vumbi la marudio lina zebaki, mtoto asilivute. Na hapo kwako linadondoka mpaka kwenye sufuria. Simleti."

"Nitafagia."

"Baba!"

Simu ikakatika. Ngusa akaitazama kama kitasa kilichomshinda.

"Dada, itabidi niibandue yote."

"Kwa magoti hayo?"

"Magoti hayashiki tindo."

Akaanza. Alifunga kitambaa puani, akawa analowesha ukuta kabla ya kila pigo ili vumbi lisiruke. Akitoka kwenye kazi za watu anabandua kipande, anakaa juu ya ndoo, anahema, anabandua kingine. Nikimpelekea uji anaunywa akiutazama ukuta.

Habari zikamfikia Valerian, kijana anayenunua marudio kule Mwakitolyo, maana siku hizi wana namna ya kuyachenjua upya na kutoa dhahabu iliyobaki. Akaja na pikipiki ya mizigo.

"Shikamoo mzee. Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Mzee, miaka yote umelala na dhahabu ukutani, unaamka na mwiko! Niuzie hicho kifusi."

Nikangoja kusikia Ngusa atataja bei gani.

"Beba tu," akasema. "Mgongo wangu hauwezi kwenda kukimwaga. Ila funika turubai, usiwamwagie watoto wa watu njiani."

"Bila bei?"

"Bei yake nimeshailipa, kijana. Beba."

Kisha akachekecha mchanga wa mto, akachanganya na saruji. Akalowesha matofali, akarushia tabaka la kwanza jepesi ili likamate, akapiga la pili, akaufunika ukuta kwa magunia mabichi na kuyamwagilia asubuhi na jioni yasikauke. Chumba cha Nelly peke yake kikamaliza nguvu zake zote. Kwingine kumebaki tofali tupu, utadhani nyumba inajengwa leo.

Nelly akaja na mtoto mgongoni. Hakukaa. Aliingia moja kwa moja chumbani, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kutoka mlangoni mpaka dirishani, vile baba yake alivyomfundisha akiwa mdogo. Mimi nimeshikilia mlango. Ukuta ukatoa sauti yake fupi, nzito, ileile kote.

"Haulii," Nelly akasema. Akafungua kanga, akamlaza mtoto kitandani.

Tukatoka kumwambia baba yake. Alikuwa sebuleni juu ya ndoo, mgongo kwenye tofali tupu, amelala, mwiko bado mkononi. Nelly akataka kumwamsha.

"Mwache," nikasema, nikiuchomoa mwiko taratibu. "Sebule itamngoja."