Kumbe tenor si Festo na wenzake: dada Atupele alivyonifungua macho

Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Haya yamenikuta mwenyewe na aibu ni yangu, kwa hiyo sina sababu ya kutia chumvi.

Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Mpemba, Tunduma. Chuo nilisoma logic, yaani mantiki. Tuliambiwa intension ni maana ya neno, yaani sifa zinazotakiwa. Extension ni wale wote wenye sifa hizo. Nikakariri, nikapata C, nikasahau.

Kwaya yetu ilikuwa na tenor, ile sauti inayofuata chini ya alto, watatu tu: Festo, Yohana na Baraka. Ukisema tenor, mimi naona sura zao.

Sasa kuna dada anaitwa Atupele, anauza maharage sokoni. Aliomba kujiunga. Nikamweka soprano, hafiki. Nikamweka alto, sauti inazama, wenzake wanacheka chini chini. Nikamwambia kwa upole apumzike kwanza.

Upole gani, nilimfukuza tu.

Ila kila mazoezi alikuja, akakaa nyuma kusikiliza.

Wiki mbili kabla ya Pasaka, Festo na Yohana wakapata kazi Zambia, wakaondoka. Baraka peke yake hasikiki. Nikatangaza wimbo wetu mkubwa tunaufuta, tenor hatuna.

Atupele akanyoosha mkono.

"Samahani mwalimu. Tenor ni wale kaka watatu, au ni yeyote anayezifikia zile noti?"

Wakuu, hapo lile somo la chuo likanirudia. Miaka yote nimeshika orodha nikadhani ndiyo maana yenyewe! Wale watatu ndio waliokuwa wanatimiza sharti kwa wakati ule, basi. Na sharti halijasema popote uwe mwanaume.

Nikampa ubeti wa pili. Akaimba. Baraka akageuka kumtazama, kisha akasogea kumpa nafasi. Nilitamani ardhi inimeze, na papo hapo nilikuwa na furaha ya ajabu.

Pasaka tuliimba. Baada ya ibada akanifuata, machozi yakimlengalenga.

"Mwalimu, tangu utotoni kanisani nafungua mdomo tu, sauti naibana. Leo ndiyo nimeimba."

Nilichojifunza: ukitaka kujua nani anafaa, uliza kwanza sharti ni lipi, majina yaje baadaye. Siku hizi akija mtu mpya namwambia aimbe, halafu ndiyo tuongee.

Haya, kwenu ni neno gani mmeligeuza kuwa majina ya watu? Mwageni hapa, nasoma comment zote.