Betri Isiyoota Moto

Scholastika aliletwa Karatu kutoka Machame na mumewe, dereva wa watalii. Mume akapata mke mwingine Arusha. Scholastika akapata meza ya kutengenezea redio nyuma ya soko, na ukimuuliza atakuambia aliyefaidi ni yeye. Hakuwa mtu wa kulia mara mbili kwa jambo moja.

Mwaka 2006 wageni walikuwa wakiacha lojini betri za kompyuta zilizokufa, na wapishi wakamletea. Alizipasua taratibu, ndani akakuta betri ndogondogo zimepangwa kama mahindi kwenye gunzi, akazipima moja moja kwa mita. Mara nyingi mbovu zilikuwa mbili tatu tu, nyingine zimetupwa kwa kosa la jirani. Mbovu alizifukia kwenye ndoo ya mchanga, nzima akazitumia kutengenezea tochi. Wafugaji wakazipenda, maana fisi hapendi kumulikwa.

Siku moja Moloimet, mfugaji wa Kakesio, akaleta tochi nyeusi kwa masizi. Betri ilikuwa imelipuka kando ya tochi na kumuunguza mkewe mkono.

"Iliisha nguvu, akaitoa akaiweka karibu na mafiga ipate joto," alisema. "Si ndivyo tunavyofanya betri za redio?"

Ndivyo. Nani nchi hii hajawahi kuanika betri juani ili asikilize taarifa ya habari? Lakini hizi haziotishwi moto, na Scholastika alilijua hilo bila kumwambia mtu. Aliona haya, haya kweli.

Clemensi, mwenyekiti wa soko, hakukawia. "Dada, unauza mabomu. Siku ya mnada tunaiondoa hiyo meza."

Bila meza ile, Scholastika hakuwa na pa kushika Karatu yote. Hata hivyo alianza na lililokuwa la kwanza: akadandia lori la mahindi hadi Kakesio, akamwomba radhi mke wa Moloimet, Mama Tobiko, na kumpelekea dawa ya kidonda. Aliporudi akaunda tochi upya. Betri akazifungia ndani ya bomba la plastiki, gundi pande zote, mtu asiweze kuzitoa. Nje akachora mafiga matatu na kuyakata kwa mstari mwekundu. Ikiisha nguvu, irudi mezani kwake ichajiwe.

Siku ya mnada Clemensi akaja na vijana na kamba. Akamkuta Mama Tobiko amesimama hapo, mkono umefungwa kitambaa. Akachangamka: shahidi kajileta mwenyewe!

"Mama, waonyeshe mkono."

Akawaonyesha. Kisha kwa mkono mzima akaokota tochi mpya, akayatazama yale mafiga yaliyokatwa, akaitia ndani ya shuka lake.

"Motoni niliiweka mimi," alisema. "Huyu alikosa kuniambia, akaja mpaka kwangu akaniambia. Wewe mwenyekiti, fisi akiingia bomani, utakuja?"

Clemensi akaitazama kamba yake.

"Na hii ikiisha nguvu," Mama Tobiko akauliza, "nitairudisha wapi, kama meza umeondoa?"