Mstari Mtupu wa Mwisho

Maman mmoja, mkulima wa Nyantende, alikuwa amewaacha wanawe shambani, mapanga mkononi, wakingoja neno lake. Migomba yake ilikuwa inanyauka, na majirani walimshauri aikate yote. Akaona aje kwanza Bukavu, kwenye ofisi ya chama chetu cha wakulima, aulize kama kuna mtu aliyewahi kuokoa migomba ya namna hiyo.

Jibu lilikuwapo. Shuhuda za wakulima nilikuwa nimezipiga chapa mimi mwenyewe, faili baada ya faili, ila sikukumbuka nani alisema nini. Na seva, ile mashine ya kutafuta neno ndani ya maandishi yote, ilikuwa bado tupu. Nikaandika amri ya kupeleka faili zangu, nikabonyeza. Ikakataa. Nikachunguza mtandao: mzima. Mahali faili zilipo: sahihi. Nikarudia. Ikakataa.

"Muzee, iyo mashini iko na kichwa nguvu kuliko weye!"

"Imejifunza kwangu, maman."

Faili ya mfano, niliyoachiwa na mwenzangu wa kazi, ilipita mara moja. Nikaiweka kando ya yangu. Tofauti ilikuwa moja tu: yake iliishia na mstari mtupu. Hapo nikaona aibu. Katika ukarani nilifundishwa nisiache nafasi wazi chini ya maandishi, mwizi asije akaongeza neno lake. Basi kila nilipoandika faili kwa kufuata mfano ule, mstari wake mtupu niliufuta, nikidhani ninasahihisha uzembe wa mwenzangu. Kumbe bila mstari huo seva haikubali kwamba maneno yamekwisha. Ilikuwa imenieleza hivyo tangu jibu la kwanza, nami nikadhani mashine ndiyo iliyokosea.

Nikaurudisha mstari mwishoni mwa kila faili. Nikabonyeza. Zikapita zote!

Nikaandika: migomba kunyauka. Ukatokea kwenye kioo ushuhuda wa mkulima wa Kavumu. Kata shina linalougua tu, alisema. Panga lipitishe motoni kabla ya kugusa jingine. Ua la chini ya mkungu livunje kwa mti wenye panda. Shamba lake lilipona.

"Soma tena, muzee."

Nikasoma kwa sauti ya padri siku ya Pasaka. Kabla sijamaliza, simu ilikuwa tayari sikioni mwake.

"Muache! Musikate yote! Muwashe moto, niko nakuya!"