Fundi wa Mbugani anayesaka kiti kilichouzwa na mdogo wake

Saa nane mchana mvua inapiga mabati ya Mbugani, mjini Kyela, kiasi kwamba anayetaka kusikika lazima apaze sauti. Fundi viti Tulinagwe Mwambene amepiga magoti juu ya gunia, mbele yake kiti cha gari cha ngozi nyekundu kilichofumuliwa nusu. Kwa ncha ya bisibisi anang'oa misumari midogo, anaifuta kutu kwa kitambaa chenye mafuta na kuidondosha kwenye kopo la maziwa.

"Hii ni ya kiwandani," anasema mvua inapopungua. "Itarudi palepale ilipotoka."

Wateja wake wengi ni vijana wa bodaboda. Wanataka viti vya pikipiki vivalishwe upya, kazi ambayo humpatia shilingi elfu kumi na tano, au ishirini mteja akitaka nakshi. Kazi hizo huzimaliza asubuhi. Mchana hushika kiti hiki chekundu, ambacho hakuna aliyemtuma akitengeneze na hakuna atakayemlipa.

Kiti hiki kilitoka kwenye gari dogo la michezo la viti viwili, paa la turubai, lililotengenezwa Uingereza miaka ya sitini. Gari lenyewe liko kijijini Ngana, chini ya banda la kukaushia kakao, nyumbani kwa mzee Zebedayo Mwakalobo. Halina viti.

Mzee Zebedayo alikuwa dereva wa mkulima wa chai huko Malawi. Bosi wake alipofunga virago kurudi kwao, alimwachia gari hilo badala ya kiinua mgongo. Zebedayo akalivusha mpakani akiwa kijana wa ndevu changa, na mwaka uliofuata akampeleka kanisani bibi harusi wake, Naomi, paa likiwa limefunguliwa.

"Watu wa Ngana walikuwa hawajaona kitu kama kile," anasema mzee huyo. "Watoto walikimbia nyuma yetu mpaka shela ikajaa vumbi."

Baadaye vipuri vikakosekana na gari likaegeshwa. Kuku wakataga ndani yake, unyevu wa Kyela ukala kapeti, na panya wakafanya kiota kwenye mlango. Naomi naye akaanza kupoteza macho kwa presha ya macho. Leo haoni kabisa.

Miaka mitatu iliyopita, wakijiandaa kuadhimisha nusu karne ya ndoa yao, mzee aliamua kulifufua gari. Fundi mmoja wa Mbeya alimshauri atupe vya ndani vyote aweke vipya. Naomi akakataa.

"Nilimwambia mume wangu, mimi rangi siioni," anasema Naomi. "Nitalijua kwa kulishika. Kama halitakuwa lilelile, liache liozee hapo hapo."

Ndipo walipomtafuta Tulinagwe.

Alikuwa amejifunza ushonaji wa viti kwa fundi wa masofa jijini Mbeya, akarudi kufungua kibanda Mbugani. Hakuwa peke yake maishani. Mama yao alipofariki kule Katumba Songwe, mdogo wake, Hebroni, alikuwa bado hajaanza shule. Tulinagwe alimlea. Mchumba aliyekuja kumposa alitaka mtoto apelekwe kwa shangazi kwanza. Tulinagwe akamrudishia mchumba vitu vyake.

"Sijuti," anasema. Anadondosha msumari mwingine kwenye kopo. "Siku zile sikujuta."

Hebroni alikulia chini ya meza ya cherehani. Alipokuwa mtu mzima walifanya kazi bega kwa bega, na dada mtu anakiri kwamba kwenye cherehani kijana alimzidi. Kazi ya gari la Ngana waliipokea wote wawili.

Ilikuwa kazi ya subira. Ubao wa dashibodi ulikuwa umevimba kwa maji. Tulinagwe aliufungua, akaukausha kivulini, akakwangua vanishi iliyokufa na kupaka mpya kidogo kidogo hadi mistari ya mti ikaonekana tena. Vitasa vya plastiki vilivyopasuka aliviunga. Pedi za milangoni alizivua na kuziosha, akabadilisha makaratasi magumu ya nyuma yaliyooza lakini ngozi akairudisha ileile. Ngozi ya viti aliilainisha kwa mafuta majuma kadhaa, akiogopa kuikunja kabla haijakubali.

Kwenye kiti cha abiria, upande wa chini, alikuta mshono uliomshangaza. Ulikuwa wa uzi wa nyavu, wenye mafundo makubwa. Naomi ndiye aliyeushona, baada ya mtoto wao wa kwanza kuchezea wembe garini. Uzi aliupata kwa kaka yake aliyekuwa mvuvi Matema.

"Mama Naomi aliniambia, mwanangu, huo usiutoe. Nikamwambia siutoi."

Viti vikiwa vimebaki kujazwa na kufungwa, Tulinagwe aliugua homa ya matumbo. Alilazwa zaidi ya wiki mbili. Kila jioni Hebroni alifika wodini na chupa ya uji, akakaa kwenye ukingo wa kitanda na kumpa habari za kazi.

"Nikimuuliza viti, ananiambia, dada, wewe pona tu, viti nimevimaliza. Namshukuru Mungu kwa kunipa mdogo kama yule. Nakunywa uji wake. Kumbe viti vimeshaondoka."

Mnunuzi wa vipuri vya magari ya zamani alikuwa amepita Kyela. Hebroni alimuuzia viti vyote viwili, akatengeneza vingine vinavyofanana navyo kwa ngozi ya bandia na sponji, akaenda kuvifunga Ngana. Mzee Zebedayo aliona vyekundu, vinang'aa, akafurahi. Alimchinjia kijana jogoo.

Tulinagwe aliporuhusiwa, alikwenda Ngana akitaka kuona kazi ilivyokamilika. Alifika wakati mzee anamsaidia mkewe kuingia garini kwa mara ya kwanza. Alisimama pembeni asiwaharibie.

Naomi aliketi. Akagusa dashibodi, akatabasamu. Akagusa mlango. Kisha akapeleka mkono chini ya mapaja yake, akapapasa kwa muda mrefu.

"Baba watoto," alimwita mumewe, "hiki si kiti changu."

"Ni hichohicho, mke wangu. Kimeoshwa tu."

"Mshono wangu uko wapi?"

Mzee alimgeukia Tulinagwe amsaidie kumwelewesha mkewe. Tulinagwe aliinama, akaingiza vidole chini ya kiti na kukutana na sponji badala ya springi. Anasema alihisi kama homa imerudi.

"Ningeweza kusema mshono ulioza nikautoa. Mzee angeamini. Lakini mama alikuwa amenigeuzia uso, anasubiri mimi niseme. Nikasema, mama anasema kweli. Viti hivi si vyenu."

Mzee Zebedayo hakutaka kwenda polisi. Aliomba kitu kimoja tu: Hebroni aseme viti viko wapi. Hebroni aliapa kwamba havikubadilishwa. Alipoona dada yake ameleta mabaki ya ngozi ya bandia kutoka kibandani, aliondoka akisema anakwenda msalani, asirudi; ndipo mzee akatoa taarifa polisi. Alikamatwa Kasumulu akijaribu kuvuka kwenda Malawi, juu ya pikipiki mpya.

Kesi ilihitaji mtu wa kueleza mahakamani kwamba viti vilivyofungwa si vile vilivyopokelewa. Mtu huyo alikuwa mmoja.

"Nilisimama pale, yeye ananitazama. Hakunikasirikia. Hiyo ndiyo iliyoniumiza. Alinitazama kama alivyokuwa ananitazama akiwa mdogo, akisubiri nimtoe matatani."

Hebroni alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na nusu. Mahakama ilipomuuliza alimuuzia nani, alisema hamjui.

Baada ya hukumu ndipo shangazi yao, Prisca, alipofika kibandani. Hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alimwambia Tulinagwe kwamba dawa zote alizochomwa wodini, zile zilizokuwa zinaandikwa zinunuliwe nje, zililipwa na Hebroni kwa fedha ya viti. Pikipiki ilitokana na masalia.

"Aliniambia, yule alikuokoa, wewe ukamfunga. Nikamwambia, shangazi, mbona hakuniambia? Akanijibu, ungekubali?"

Tulinagwe anafuta mikono kwenye khanga aliyojifunga kiunoni.

"Nisingekubali," anasema. "Ningesema tuuze cherehani. Sasa sijui. Kuna siku nawaza ameuza kwa ajili yangu. Kuna siku nawaza alitaka pikipiki, mimi nikawa kisingizio. Nikimfikiria na ile chupa ya uji, siwezi kutenganisha."

Tangu hapo ndugu hawamwaliki kwenye shughuli. Katika msiba mmoja Katumba Songwe, wanawake waliokuwa wakimenya ndizi walinyanyuka, wakamwachia jamvi peke yake. Wateja nao walipungua. Wengine walisema kibanda chake ni cha wezi, wengine kwamba ni cha mtu aliyemuuza damu yake.

Mzee Zebedayo aling'oa viti vya bandia akavirudisha Mbugani kwenye bajaji. Maadhimisho ya ndoa yalifanyika kwa kutembea kwa miguu hadi kanisani.

Mwaka huu mwanzoni, mfanyabiashara wa mchele kutoka Karonga alimwambia Tulinagwe kwamba kinyozi mmoja wa Kasumulu anawanyolea watu juu ya kiti cha gari, chekundu, cha ajabu. Alikwenda siku hiyohiyo. Alipokiona, alikaa kama mteja, akapeleka mkono chini. Springi zilikuwepo. Mshono wa nyavu haukuwepo. Kilikuwa kiti cha dereva.

Kinyozi alikuwa amekinunua kwa mtu aliyekinunua kwa mwingine. Tulinagwe alimtengenezea kiti kipya kirefu chenye mahali pa kuegemeza kichwa, akabeba hicho cha zamani. Kilikuwa kimepasuliwa mgongoni na kimelowa mafuta ya nywele. Hicho ndicho anachokifumua sasa.

Alipopeleka habari Ngana, mzee Zebedayo alishukuru, "Ndaga fijo, binti." Naomi aliuliza cha kwake. Alipojibiwa kwamba hakijapatikana, alisema tu kwamba dereva amepata pa kukaa.

Tulinagwe anasema atakimaliza hiki kabla ya mavuno ya mpunga na kwenda kukifunga mwenyewe. Cha abiria hajui pa kuanzia. Ameulizia Ipinda, Tukuyu na ng'ambo ya mto Songwe. Hajamkuta aliyekiona.

Amekwenda gerezani mara mbili kumwona mdogo wake. Mara zote mbili Hebroni alikataa kutoka. Chakula alichompelekea kilirudishwa kikiwa kimefungwa vilevile.

Hebroni anatarajiwa kutoka mwezi wa nane. Shangazi Prisca ametangaza kwamba ukoo utakwenda kumpokea na dada yake asionekane hapo. Tulinagwe anasema atatangulia, apande gari la kwanza.

"Nitasimama getini. Akinitukana, anitukane, namsubiri amalize. Nitampa wali na samaki, ale," anasema, akikigeuza kiti upande wa pili. "Akishiba, nitamuuliza kiti cha mama Naomi kiko wapi."