Pale Mariamu Anapolia

Mwezi uliopita nilimleta binti yangu Chumbageni, kwenye nyumba aliyotuachia bibi, aje ajifungulie huku. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imeingia mwezi wa saba, na kwetu mwanamke akifika hapo husomewa Surat Maryam. Nilipoingia sebuleni tu nikasikia harufu ya mkate wa kumimina, na jiko halijawashwa bado. Pua nayo hutudanganya tukishakuwa watu wazima.

Utotoni mwangu, siku ya kisomo tulikuna nazi tangu asubuhi. Jirani yetu, Mlutheri aliyeshuka kutoka Lushoto mumewe alipopata kazi ya mkonge, alikuwa wa kwanza kufika, kafunga pea za kwao kwenye kanga. Alikaa mkekani na wanawake wengine. Kiarabu hakukijua, kwa hiyo bibi alisoma huku akitua na kumfasiria. Walipofika pale Mariamu anaposhikwa na uchungu, peke yake chini ya mtende, akasema laiti angekufa kabla ya hayo, jirani alilia. Alikuwa amezika watoto wachanga.

"Kwetu Mariamu halii," alimwambia bibi. "Anazaa kimyakimya zizini, malaika wanaimba. Huyu wenu ndiye nimjuaye mie."

"Ni huyohuyo," bibi alimjibu. "Ila nyie mlisimama mlangoni, sisi tulikuwa chumbani."

Wakacheka, wakaendelea kubishana juu ya zizi na mtende mpaka mkate ukaisha. Hakuna aliyemvuta mwenzake kwenye dini yake, wala hakuna aliyejaribu.

Safari hii mdogo wangu, aliyesoma dini kunishinda, alisema sura ile haikushushwa iwe dawa ya uzazi. Angesoma kwa kuwa nimemwomba, lakini tuwe sisi kwa sisi, Waislamu tu. Simlaumu, ana hoja zake. Nilikwenda kwa jirani yuleyule, sasa kikongwe, na aibu yangu, sijui nianzie wapi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia kuna kisomo. Mie nimekatazwa."

Mwanawe, ambaye siku hizi ni mchungaji, amemwambia Mariamu wa Kurani si yule wa Injili. Nilihuzunika kuliko nilivyotarajia. Sijui ni lini tulianza kuogopana hivi, watu tuliolelewa ua mmoja.

"Ila dirisha msifunge," akasema.

Hatukulifunga. Mdogo wangu alisoma vizuri mno, kwa sauti tamu, bila kutua mahali popote kwa ajili ya mtu. Binti yangu alitulia, mkono tumboni.

Jioni nilimpelekea jirani kipande cha mkate. Nilimkuta uani kwake, macho mekundu.

"Mlifika pale?"

"Tulifika, mama."

Aliugeuzageuza mkate mkononi.

"Nimelia," akasema, "lakini sijui kama nimelia mahali penyewe."