Mstari wa Ng'ambo ya Songwe

Kilichonitoa nyumbani Kyela ni ng'ombe, tena si wangu. Tupokigwe, binti wa mama yangu mdogo, aliolewa ng'ambo ya mto Songwe, nchi ya Nyasa. Mumewe akafa, shemeji yake akataka kumrithi, naye akakataa. Kwa desturi yetu ng'ombe wa mahari walipaswa kurudi. Baba yake akawarudisha, akapungukiwa mmoja. Shemeji akasema, "Bila huyo mmoja, wewe ni mke wangu." Basi tuliposikia mzungu mmoja wa pareto upande wa Iringa anatafuta wanawake wa kuchuma maua msimu mzima, nikamwambia, "Dada, twende tukamtafute huyo ng'ombe." Mume wangu alikuwa migodini Kusini, nchi ya watu. Nyumba nikamwachia mama mkwe.

Mbeya tulifikia bomani. Tulikuwa wanawake wa pande zote mbili za mto, lugha moja, hata bibi zetu wengine walikuwa wamoja. Karani alisimama barazani akatusomea mkataba kwa Kiswahili, polepole, maana wengi wetu Kiswahili tulikuwa tunakijua cha sokoni tu. Mwajiri akileta watu wa nje, awalipe sawa na wenyeji kwa kazi ile ile. Tena lori la kuwaleta na kuwarudisha mpaka mpakani ni juu yake. Tukaweka vidole gumba, kila mtu chake.

Asubuhi tukapanda lori. Chimala tulinunua ndizi, tukaimba mpaka Igawa vumbi likatunyamazisha. Kufika Makambako upepo ukatushika masikio. Subilaga, mcheshi wetu, akajifunika kanga zake zote, akasema, "Jamani, huku Mungu aliumba milima akasahau kuwasha moto!"

Shambani kwenyewe mlima ulikuwa mweupe. Nilidhani ni ukungu, kumbe maua. Aliyetupokea ni Sekalinga, Mhehe wa Kalenga, mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alituwashia moto, akatuonyesha kuchuma kwa mikono miwili bila kuvuta mche.

"Nyie watu wa ndizi," alisema, "vidole vyenu laini kama ugali wa mgonjwa."

"Na nyie mmekauka kama kibuyu cha ulanzi kilichoisha pombe," Subilaga akamjibu. Tangu siku hiyo wakawa marafiki.

Siku ya mshahara nyapara alituita penye mizani. Mzungu mwenye shamba alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Nyapara akasema, "Wa upande huu wa mto wajipange mstari huu, wanalipwa kamili. Wa ng'ambo wajipange ule, wanalipwa nusu. Ndiyo mshahara wa kwao."

Tupokigwe aliniangalia. Nusu haikununua ng'ombe, hata mkia. Akachukua kikapu chake, akaenda kusimama mstari wa ng'ambo.

Mimi nikamfikiria mume wangu. Huko migodini mgeni ni yeye, na alikuwa ametuletea habari kwamba anachimba mwamba ule ule na kulipwa chini ya wenzake. Miguu yangu ikanipeleka, nikasimama nyuma ya Tupokigwe.

"Wewe ni wa Kyela!" nyapara akafoka.

"Bibi yangu alizaliwa ng'ambo," nikasema.

Subilaga akafuata. Akafuata Atupele. Bupe alisita, akasema, "Nikirudi na nusu, mume wangu atanifukuza." Hatukumlaumu. Mwisho akasonya, akaja. Na nyuma yake, mikono kiunoni, akaja Sekalinga.

"Na wewe!" nyapara alishika kichwa. "Wewe Songwe unaijua?"

"Nimeisikia," Sekalinga akajibu. "Inasemekana ni mto."

Tulicheka, wallahi, hata mpima mizani alicheka. Mstari wa huku ukabaki nyasi tupu. Nikapata ujasiri nikasema, "Bwana, sasa sote ni watu wa nje. Karani alisoma Mbeya: watu wa nje wanalipwa sawa na wenyeji. Kama hutaki, mkataba umevunjika. Turudishe mpakani leo, sote, kwa lori lako. Na mama Sekalinga pia, akauone huo mto."

Nyapara alimtafsiria. Yule bwana akatutazama, akageuka kutazama mlima. Maua yalikuwa yamefunguka mpaka juu, na yakipitiliza hayana bei. Alisema neno moja kwa nyapara, akaingia ndani. Tulilipwa mstari mmoja, kamili, siku ile na kila mwezi mpaka msimu ukaisha.

Kurudi tulirudi na lori, kama ilivyosomwa. Sekalinga alitusindikiza mpaka barabarani, akampa Tupokigwe kamba ya katani aliyoisokota mwenyewe. "Ya kumfungia huyo ng'ombe wako," alisema.

Ng'ombe tulimnunua hukuhuku Kyela, mweusi, mwenye doa kwenye paji. Tukamvusha Songwe maji yakiwa ya magotini. Shemeji alimzunguka, akamkagua meno, akatafuta kasoro akakosa. Akauliza, "Mwanamke, huyu umempata wapi?"

Tupokigwe akamkabidhi kamba. "Niliwekwa mstari wa ng'ambo," alisema, "wenzangu wakanifuata."

Nilichojifunza safari ile ni kwamba mgeni akipunjwa, mwenyeji asimame naye mapema, maana kila mtu ana mto aliouvuka au atakaouvuka. Waliosimama ni Subilaga, Atupele, Bupe, Lugano, Syabumi, Tumpe, na Sekalinga wa Kalenga. Sekalinga hakuwahi kuiona Songwe mpaka amekufa, lakini kwangu mimi ni mtu wa ng'ambo.